Benchi la kliniki: jinsi ya kuwazuia watoto wasiambukizane wakimsubiri daktari

Bango ukutani linasema kinga ni bora kuliko tiba. Chini ya bango kuna benchi, na kwenye benchi wamebanana watoto kumi na wawili. Wanne wamekuja kupima uzito na kuchanjwa, watatu wanakohoa, mmoja anaharisha, mmoja ana vipele ambavyo mama yake anasema ni vya joto, na waliobaki hujui wana nini mpaka uulize. Wakikaa hapo saa mbili, kila mmoja atakuwa ameshampa mwenzake alichokuja nacho. Daktari atatibu kile walichotoka nacho nyumbani. Walichokiokota kwenye benchi kitajitokeza siku kadhaa baadaye, na mama wa yule aliyekuja mzima atawaambia majirani: "Tangu achomwe ile chanjo, mwanangu hana raha." Chanjo imesingiziwa. Mwenye kosa ni benchi.

Mimi ni muuguzi wa watoto, na mwongozo huu nimeuandika kwa ajili ya zahanati, kituo cha afya na kliniki ndogo ya mtaani, pale ambapo hakuna chumba maalumu cha kutenga wagonjwa wala mashine ya kuchuja hewa. Nimefuata njia anayopita mtoto mwenyewe, kuanzia mlangoni hadi jioni mnapofunga.

Hatua ya 1: Uliza mlangoni, kabla ya kadi na malipo

Utaratibu wa kliniki nyingi ni huu: jina, kadi, malipo, "kaa pale usubiri." Swali la maana, yaani mtoto ana nini, linakuja mwisho kabisa, chumbani kwa daktari, wakati watoto wameshachanganyika. Ligeuzeni. Awepo mtu mlangoni tangu mnapofungua. Si lazima awe muuguzi. Mhudumu aliyefundishwa vizuri anatosha. Kazi yake ni kujua mambo manne: kama mtoto ana homa na vipele, kama anakohoa au ana mafua, kama anaharisha au kutapika, na kama macho yake ni mekundu au yanatoa tongotongo.

Namna ya kuuliza ndiyo kazi yenyewe. Mama ukimuuliza mbele za watu kama mwanawe ana ugonjwa wa kuambukiza, atakataa, nawe ungekataa. Anza na salamu. "Karibu mama, pole na jua. Mwanetu amekuja kliniki au anaumwa?" Kwetu neno "kliniki" linamtenga tayari mtoto mzima aliyeletwa kupimwa na yule mgonjwa, kwa hiyo swali hilo moja linamaliza nusu ya kazi. Aliyemleta akiwa bibi, "Shikamoo bibi, mjukuu anaendeleaje leo?" itakupa habari zaidi kuliko fomu yoyote, pamoja na nyingine usizozihitaji.

Baada ya hapo kila mtoto na mahali pake. Anayekohoa akae barazani. Anayeharisha akae karibu na choo na maji, na aanze kunywa ORS (ile dawa ya unga ya kurudisha maji na chumvi mwilini) hapohapo badala ya kungoja aandikiwe. Kichanga ambaye hajatimiza mwezi asikae foleni kabisa, awe mgonjwa au mzima. Apitishwe moja kwa moja. Na mtoto asiyeweza kunyonya wala kunywa, anayetapika kila anachopewa, aliyepata degedege, au aliyelegea na haamki vizuri, huyo haulizwi lolote mlangoni. Anakimbizwa ndani.

Hatua ya 2: Homa na vipele haviingii ndani

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu homa na vipele vinaweza kuwa surua, na surua haina mwenzake. Virusi vyake vinaweza kubaki hewani hadi saa mbili baada ya mgonjwa kuondoka chumbani. Maana yake ni kwamba mtoto anaweza kuambukizwa na mwenzake ambaye hakumwona wala hakukutana naye. Mgonjwa mmoja kati ya watu wasio na kinga huweza kuambukiza watu 12 hadi 18. Tena anaanza kuambukiza siku 4 kabla vipele havijatokea, akiwa bado anaonekana ana mafua ya kawaida na macho mekundu, na anaendelea hadi siku 4 baada ya vipele kutokea. Kwa ratiba ya Tanzania mtoto anapata chanjo ya surua na rubela akiwa na miezi 9, kisha miezi 18. Sasa angalia benchi lako: wale waliokuja kwa chanjo za wiki 6, 10 na 14 wote hawajaifikia miezi 9.

Kwa hiyo mtoto mwenye homa na vipele asipite sebuleni, yaani pale wanaposubiri wengine. Daktari au muuguzi atoke amfuate nje, chini ya mti au upande wa nyuma wa jengo, na anayemhudumia awe mtu ambaye amechanjwa au aliwahi kuugua surua. Kama ni lazima aingizwe, aingie kwa mlango wa pembeni, chumba cha mwisho, madirisha wazi na mlango wa ndani umefungwa. Akishatoka, chumba hicho kisitumike kwa mtoto mwingine mpaka saa mbili zipite.

Na kama ameshakaa na wenzake kabla hujamgundua? Inatokea. Mimi imenitokea, katika kliniki niliyofanya kazi zamani: mtoto alifunikwa khanga gubigubi, tukadhani amelala, na khanga ilipofunuliwa chumbani kwa daktari tuliangaliana tu. Usipoteze muda kumlaumu mama. Chukua daftari la mapokezi, andika kila mtoto aliyekuwepo tangu yule alipoingia hadi saa mbili baada ya kutoka, na namba ya simu ya mzazi. Toa taarifa siku hiyohiyo kwa mratibu wa chanjo wa wilaya au ofisi ya Mganga Mkuu wa Wilaya, kwa sababu kila anayeshukiwa kuwa na surua lazima aripotiwe na achukuliwe sampuli. Chanjo ya surua ikitolewa ndani ya saa 72 tangu mtoto akutane na ugonjwa inaweza kumkinga, na katika hali hiyo hata wa miezi 6 huweza kupewa, kisha akaendelea na zile za ratiba. Saa 72 ni siku tatu tu. Daftari lisilo na namba za simu halitakusaidia chochote siku hiyo.

Tetekuwanga nayo husafiri hewani. Mpe utaratibu uleule wa mlango wa pembeni.

Hatua ya 3: Fungua madirisha, kisha angalia pangaboi linapuliza wapi

Kiyoyozi kimewaharibu wenye kliniki binafsi. Kile kinachotundikwa ukutani kinachukua hewa ya chumba, kinaipoza, kinairudisha mlemle. Hewa mpya hakileti. Na ili ubaridi usitoke, madirisha yanafungwa. Mnakuwa mmewafungia watoto ishirini ndani ya pumzi moja, mkiita huduma bora.

Madirisha mawili yanayotazamana, yote wazi, ni mashine nzuri kuliko zote na haili umeme. Sisi wa pwani tuna kaskazi na kusi. Jua ni upande upi upepo unaingilia kwenu msimu huu, kisha wakalishe wazima upande unakoingia na wanaokohoa upande unakotokea. Ukikosea hapo, upepo uleule unabeba kikohozi na kukipeleka kwa vichanga. Feni ya kusimama ni hivyohivyo: iwe nyuma ya wazima, ielekee nje. Hutajua kwa kukisia. Washa udi, simama nao katikati ya sebule, ufuate moshi kwa macho.

Baraza yenye paa la bati na mabenchi mawili inashinda sebule yenye marumaru. Ukiwa na fedha ya kujenga kitu kimoja tu mwaka huu, jenga baraza.

Mkubwa au mtoto mkubwa anayekohoa apewe barakoa, na anayekohoa wiki mbili au zaidi achunguzwe kifua kikuu, awe ni mtoto au ni huyo shangazi aliyemleta. Watu wazima wanaoleta watoto ndio tunaowasahau kila siku. Mtoto wa chini ya miaka 2 asivalishwe barakoa kabisa. Inaweza kumkosesha pumzi.

Hatua ya 4: Tenganisha kwa saa pale ambapo huwezi kutenganisha kwa ukuta

Chanjo na uzito asubuhi, wagonjwa wasio wa dharura baadaye. Siku mbili za wiki ziwe za kliniki peke yake ikiwezekana. Watu watalalamika wiki ya kwanza; ya tatu watakuwa wanaambiana wenyewe.

Hatua ya 5: Mikono, ya kwako kwanza

Tangu corona ya 2020 milango mingi ina ndoo yenye koki. Nenda sasa hivi ukaitazame ya kwenu. Nyingi zimebaki pambo: maji hayamo, na sabuni ilishaisha. Mpe mtu mmoja jukumu la ndoo hiyo, kwa jina, na iwe imejazwa kabla mlango haujafunguliwa. Pasipo na bomba wala ndoo, kibuyu chirizi (dumu la kuning'iniza linaloinamishwa kwa kamba) kinatosha, tena kina faida kwamba unakanyaga kwa mguu bila kushika chochote. Weka kingine kifupi kwa ajili ya watoto. Mtoto wa miaka mitatu hafikii koki ya mtu mzima, na ni yeye aliyetoka kuvua kiatu akakilamba.

Kunawa kwa maji na sabuni kuchukue sekunde 40 hadi 60 tangu kulowesha mpaka kukausha. Kutumia kitakasa mikono, sekunde 20 hadi 30 mpaka kikauke chenyewe. Kitakasa mikono hakifai pale mikono inapoonekana michafu, na kwa magonjwa ya kuhara usikitegemee: baadhi ya virusi vya kuharisha vinakivumilia kileo. Mtoto akiharisha, ni maji na sabuni.

Shirika la Afya Duniani limetaja nyakati tano za mhudumu kusafisha mikono: kabla ya kumgusa mgonjwa, kabla ya kazi inayotaka usafi wa hali ya juu kama sindano, baada ya kugusa damu au majimaji ya mwili, baada ya kumgusa mgonjwa, na baada ya kugusa vitu vinavyomzunguka. Hiyo ya tano ndiyo tunayoikanyaga kila siku. Unashika ukingo wa kitanda, unashika kadi, unashika simu, unamshika mtoto anayefuata. Glovu hazikuokoi hapa. Muuguzi anayezunguka na jozi moja ya glovu kutoka mtoto hadi mtoto anajilinda mwenyewe na kuwapaka wote.

Jambo dogo ambalo watu hawalijui: chupa ya sabuni ya maji isiongezwe juu ya masalio. Imalizeni, ioshwe, ikauke, ndipo ijazwe. Vijidudu huota ndani yake. Sabuni ya mche nayo ikatwe vipande vidogo na iwekwe kwenye chombo kinachochuja maji, si kuogelea kwenye kisahani.

Hatua ya 6: Mzani

Ukiniuliza ni kifaa gani kinachogusa watoto wengi zaidi kwa siku, nitakuonyesha ule mzani wa kuning'iniza na kile kisuruali chake. Mtoto anavuliwa nguo, anatumbukizwa ndani, analia, anakojoa, anatolewa, anaingizwa mwingine. Mwenye upele anawaachia wenzake upele. Mwenye kuharisha anaacha alichonacho.

Dawa yake ni rahisi. Kila mama aje na kisuruali chake. Fundi yeyote wa mtaani anakishona kwa kipande cha kitambaa kigumu na mikanda miwili, na kinafuliwa nyumbani. Andika kwenye ukuta na sema kwenye darasa la asubuhi. Kliniki ibaki na vitano au sita kwa waliosahau, kila kimoja kikitumika kinakwenda kwenye ndoo ya kufuliwa, hakirudi kwenye ndoano. Mzani wa kulaza utandikwe khanga ya mtoto mwenyewe kisha upanguswe. Kumbuka kurudisha mshale kwenye sifuri baada ya kutandika, usije ukampa mtoto gramu za khanga.

Ubao wa kupimia urefu, utepe wa kupimia mkono na kipimajoto vipanguswe kati ya mtoto na mtoto kwa pamba yenye spiriti ya asilimia 70. Na ile stethoskopu. Daktari anaivaa shingoni kama cheo, anaipeleka kifua kwa kifua tangu asubuhi. Mwekee kopo la pamba za spiriti mezani, si kabatini. Akilazimika kuinuka kuifuata, hatainuka. Kitanda cha kupimia kiwe na rexine (kitambaa cha plastiki kama ngozi) isiyochanika. Ikichanika, irekebishwe, kwa sababu sponji iliyolowa mkojo haisafishiki.

Hatua ya 7: Midoli

Midoli ya manyoya toeni yote. Ya plastiki isiyo na matundu ibaki michache, na inayotiwa mdomoni iende moja kwa moja kwenye beseni la "vichafu" lililo chini ya meza. Jioni ioshwe kwa sabuni, ilowekwe kwenye klorini hafifu dakika 10, isuuzwe vizuri na ianikwe. Kama hamna mtu wa kufanya hivyo kila siku, msiweke midoli. Chaki na sakafu ya baraza vinawatosha.

Hatua ya 8: Meza ya chanjo

Meza hii isichangie chochote na wagonjwa: si pamba, si trei, si mhudumu ikiwezekana. Sindano moja na bomba moja kwa mtoto mmoja, hilo kila mtu analijua. Kinachosahaulika ni kichupa. Chanjo za surua-rubela na BCG (ya kifua kikuu) huja kama unga unaochanganywa na kimiminika chake, na zikishachanganywa hazina kihifadhi. Mwisho wake ni saa 6 au mwisho wa kazi ya siku hiyo, kinachotangulia. Andika saa uliyofungua juu ya kichupa. Usikionee huruma kilichobaki: bakteria wanaoota humo wameshawahi kuua watoto sehemu mbalimbali duniani.

Sindano iliyotumika isirudishiwe kifuniko. Iangushwe kwenye sanduku la usalama papo hapo, na sanduku lifungwe likifika robo tatu. Liwe juu, mbali na mikono ya watoto. Nimeshaona likiwekwa sakafuni kando ya kiti cha mama.

Hatua ya 9: Deki, klorini na matapishi

Uchafu kwanza, dawa baadaye. Klorini ikikutana na tope, kamasi au damu inaishia kupambana navyo na nguvu inakwisha. Osha kwa maji na sabuni, ndipo upake klorini, iache dakika 10.

Vipimo ndipo watu wanapokisia. Tazama asilimia iliyoandikwa kwenye chupa. Kama ni 3.5, hesabu ni hizi:

- Damu, matapishi na kinyesi, asilimia 0.5: kikombe 1 cha dawa kwa vikombe 6 vya maji.
- Meza, vitasa, mabenchi na kitanda, asilimia 0.1: kikombe 1 kwa vikombe 34. Kwa ndoo ya lita 10 ni karibu mililita 290.
- Midoli, asilimia 0.05: kikombe 1 kwa vikombe 69, yaani karibu mililita 145 kwa ndoo ya lita 10.

Kama chupa yenu ina asilimia nyingine, igawanye kwa asilimia unayoitaka, kisha toa moja. Jibu ni vikombe vya maji. Changanya mpya kila asubuhi. Usichanganye na dawa nyingine yoyote ya usafi, hasa ya chooni yenye asidi, kwa sababu hutoa gesi ya sumu. Iandikwe jina, na isiwekwe kamwe kwenye chupa ya soda au ya maji ya kunywa. Hii ni kliniki ya watoto.

Mtoto akitapika sebuleni mpangilio unabadilika kidogo, klorini inatangulia: sogeza watu, vaa glovu, funika kwa tambara au karatasi, mwagia ile ya asilimia 0.5, ngoja dakika 10, zoa, osha kwa sabuni, pitisha klorini tena. Usifagie. Kufagia kunarusha.

Deki ianzie palipo safi kuelekea pachafu, choo kiwe cha mwisho na kiwe na dekio lake. Na yule dada wa usafi mkae naye kwenye kikao, mumweleze kwa nini na siyo nini tu. Analijua jengo kuliko ninyi: ni yeye anayejua ni kitasa kipi watoto wote hukishika na ni benchi lipi wanalilamba. Mapema 2024, macho mekundu yalipozagaa Dar es Salaam, kusafisha vitasa na kutochangia taulo ndiko kulikokuwa na maana.

Hatua ya 10: Sisi wenyewe

Muuguzi mwenye mafua makali au anayeharisha akae nyumbani, na mkuu wake asimkate mshahara kwa hilo, la sivyo atakuja. Chanjo ya homa ya ini B kwa kila anayeshika sindano, wa usafi akiwemo. Mikono wazi hadi kiwiko, kucha fupi, pete na bangili zibaki nyumbani.

Kwa mama au baba anayemleta mtoto

Njoo na khanga mbili, moja ya kumbeba na nyingine ya kutandika. Njoo na kisuruali chake, kikombe chake na kitambaa chake cha kamasi. Usiazime cha jirani wa benchini hata kama ni rafiki. Mtoto akiwa na homa na vipele, kama mna namba ya kliniki, piga simu kwanza, au mwache nje na aliyekusindikiza uingie kutoa taarifa. Mtoto mzima usimpeleke kumsindikiza mgonjwa. Pampasi iliyotumika haibadilishwi juu ya benchi; omba uonyeshwe mahali. Na muuguzi akimgusa mtoto wako bila kunawa, una haki ya kusema, "Dada, samahani, naomba unawe kwanza." Sisi wengine tutanuna kidogo, kisha tutanawa.

Jioni, mnapofunga, acheni madirisha ya sebule wazi wakati deki ikikauka. Mabenchi yatolewe nje yapigwe na jua la mwisho. Visuruali vya mzani vifuliwe, vianikwe, na asubuhi mtu wa mlangoni avikague kimoja kimoja kabla ya kuvirudisha. Kilichobaki na unyevu kirudi kwenye kamba.